Kiini Macho na Macho Mekundu: Mwanagenzi wa Karata Ufukweni mwa Ziwa

Kijana aliniletea kitabu kikiwa kimefungwa kwa gazeti, kama mtu anayeficha samaki. Nilikuwa nimefikia Mwanza kwa shughuli za tafsiri, katika nyumba isiyo mbali na Makoroboi, na mwenyeji wangu alikuwa amemwambia kwamba mgeni wake ni mtu wa vitabu. "Shikamoo mzee," alisema, "nimeambiwa wewe unakijua Kiingereza cha maandishi." Nilimwitikia, akafungua gazeti. Ndani yake mlikuwa na nakala kuukuu ya The Royal Road to Card Magic, kitabu cha Jean Hugard na Frederick Braue kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1948, jalada limeng'oka na kurasa za mwanzo zimelainika kwa kushikwashikwa. Michoro ya mikono aliielewa. Maneno yaliyokuwa chini ya michoro yalimshinda.

Alitaka kuwa mcheza karata; si mcheza kamari, bali yule anayemwambia mtu achague karata moja, airudishe, kisha anamtolea ile ile. Alikuwa na njia tatu za kujifunza, na zote tatu zilikuwa na kasoro. Kitabu kilikuwa katika lugha asiyoimudu. Simu yake ilikuwa na video fupi fupi, lakini mikono ndani yake ilikwenda mbio kama ya mtu anayekimbizwa. Na palikuwa na bwana mmoja wa kituo cha mabasi, mchezeshaji wa karata tatu, aliyeahidi kumfundisha kila kitu kwa malipo. "Nishike ipi, mzee?" aliniuliza.

Sikuwa na jibu siku ile. Mimi si mwanamazingaombwe. Ni mtunzi niliyejifunza mwenyewe, na ninachokijua juu ya kujifunza bila mwalimu nimekijua kwa kuumia. Nilimwahidi nitamsomea sura ya kwanza. Kazi ile ya jioni mbili ilinipeleka mbali kuliko nilivyotarajia, ikanirudisha hapo hapo ufukweni mwa Ziwa, kwenye jambo ambalo si mchezo hata kidogo.

Nianze na maneno, maana ndiyo mali yangu. Kiswahili kina majina mawili makuu ya sanaa hii. Moja ni mazingaombwe, neno zito lenye kivuli cha kutisha ndani yake. Ukilisema mbele ya mtoto hujui kama atacheka au atajificha nyuma ya mama yake. La pili ni kiini macho. Hili nalipenda zaidi, kwa sababu ni neno la kweli. Kiini cha jicho ni kile kitone cheusi ambamo kila kinachoonekana hupitia, na aliyeiita sanaa hii kiini macho alikwisha kujua kwamba mambo hayatokei mkononi mwa mchezaji. Yanatokea ndani ya jicho la mtazamaji. Mkono ni mkono tu. Kinachodanganyika ni kiini.

Ama karata zenyewe, hizo zina historia ambayo sisi watu wa pwani tunaitamka kila siku bila kuisikia. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, wakaanza kuijenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593, wakafukuzwa humo mwaka 1698. Walituachia meza, bendera, leso na gereza. Na walituachia karata. Karata ni neno lao, turufu ni neno lao, na majina ya rangi nne ni yao: kopa kutokana na vikombe, uru kutokana na dhahabu, shupaza kutokana na panga, pau kutokana na marungu. Atakayetazama jozi ya karata za siku hizi hataona kikombe wala upanga, kwa kuwa picha ni za Kifaransa na Kiingereza; majina yamebaki ya karata za Kireno zilizokwisha kusahauliwa. Tunaona moyo mwekundu na tunauita kikombe.

Lakini uhondo uko kwenye karata za picha. Wazee waliziita wazungu: mzungu wa nne ni mfalme, mzungu wa tatu ni yule kijana wa kiume, mzungu wa pili ni malkia. Mgeni akisikia hivyo hushangaa. Kwa nini kijana ampite malkia, na kwa nini mfalme awe wa nne? Nilikaa na swali hilo miaka mingi mpaka nilipopata kuusoma mchezo wa Kireno uitwao bisca. Huko ree huhesabiwa pointi 11, saba pointi 10, mfalme pointi 4, kijana pointi 3, na malkia pointi 2. Basi! Yale majina si ya vyeo, ni ya hesabu. Jumlisha rangi zote nne utapata 120, na mwenye kufika 61 ndiye mshindi. Ndiyo maana mchezo mmoja wa wazee wetu ukaitwa wahedi wa sitini. Saba nayo iliitwa seti, kwa Kireno kile kile. Hapakuwa na kitabu wala shule. Aliyejifunza majina alikuwa amekwisha kufundishwa thamani, na kwa miaka mamia msamiati wenyewe ulikuwa ndio mwalimu.

Kiswahili kilipanda bara na misafara, kisha na reli iliyofika Mwanza mwaka 1928, na michezo ya karata ikapata vivuli vyake huko pia. Leo ukipita Kirumba au Igogo wakati wa jua la utosini utawakuta watu chini ya mti wakicheza albastini, wakipigiza karata mezani kwa kishindo kile kile nilichokisikia utotoni mwangu visiwani. Kucheza, basi, watu wa Mwanza hawahitaji kufundishwa na mtu. Kiini macho cha karata ni jambo jingine. Hicho hakipatikani kwa kukaa chini ya mti.

Nilipoanza kufasiri sura ya kwanza niliona kwamba waandishi hawaanzi na muujiza wowote. Wanaanza na kuchanga karata. Kurasa kwa kurasa za kuchanga tu: namna ya kuishika jozi, kidole kipi kikae wapi, namna ya kuchanga mbele ya watu huku karata moja ya juu au ya chini ikibaki pale pale unapoitaka. (Wanasiasa wetu wameipenda sana methali ya kuchanga karata vizuri, sijui kama wanafahamu kwamba mchangaji mzuri ni yule ambaye hakuchanganya kitu.) Nikajiuliza, je, mafundisho haya yameanza na nani? Kuulizauliza kukanifikisha mwaka 1584, kwa bwana mmoja wa Kent, Uingereza, aitwaye Reginald Scot.

Scot hakuwa mchezaji. Alikuwa mtu wa mashamba. Miaka kumi kabla yake, mwaka 1574, alikwisha kuandika kitabu chenye michoro cha kuwafundisha wakulima namna ya kustawisha mmea unaotiwa katika pombe ya kizungu, kwa hiyo alizoea kueleza kazi ya mikono hatua kwa hatua. Nchini mwake, tangu sheria ya mwaka 1563, watu walikuwa wakishitakiwa kwa uchawi na kunyongwa, na wengi wao walikuwa wanawake wazee na maskini. Scot aliwatazama, akawasikiliza wanaowashitaki, akasoma vitabu vya wenye elimu, akaamua kwamba jambo zima ni dhuluma. Kitabu chake, The Discoverie of Witchcraft, ni kikubwa na kimejaa hoja za dini na sheria. Lakini katikati yake, katika sehemu ya kumi na tatu, anafanya jambo ambalo hapakuwa na mwandishi wa Kiingereza aliyelifanya kwa ukamilifu kabla yake: anafungua mkoba wa wachezaji. Anaeleza namna ya kuficha mpira kiganjani, namna ya kuifanya sarafu ipotee, na namna ya kuchanga karata huku ukiiangalia moja. Anaeleza namna ya kutoa ree nne na kuzigeuza kuwa vijana wanne. Nilipoyafasiri maneno hayo kwa msamiati wa wazee wetu, ree nne zikawa wazungu wa tatu wanne, nikacheka peke yangu usiku.

Kwa nini mtu anayetetea vikongwe wasinyongwe afundishe mchezo wa karata? Kwa sababu alijua kwamba hoja peke yake haimshindi mtu aliyeona kwa macho yake. Mtu akisema, "Nimeona sarafu imetoweka, basi uchawi upo," huwezi kumjibu kwa aya wala kwa mantiki. Unamwonyesha sarafu ilipo. Scot alimtafuta mchezaji hodari wa London, Mfaransa aitwaye Cautares, aliyekuwa akiishi kwa jasho la mikono yake na si kwa kudanganya watu, akajifunza kwake. Naye aliandika kwa wasiwasi. Aliona vibaya kuwaharibia riziki wachezaji wanyonge wanaokiri kuwa wanacheza. Alifichua hata hivyo, akipima riziki ya mmoja kwa uhai wa mwingine. Mwaka 1597 James, mfalme wa Uskoti ambaye baadaye alitawala na Uingereza, alitoa kitabu cha kuthibitisha kwamba wachawi wapo, na katika dibaji akamtaja Scot kwa jina kama mpotoshaji. Hivyo ndivyo somo la kwanza la karata kwa Kiingereza lilivyozaliwa: kama ushahidi wa utetezi katika kesi ya roho za watu.

Nilikuwa Mwanza niliposoma habari hizi, na si rahisi kuzisoma Mwanza kama mtu anayesoma mambo ya kale.

Msomaji wa pwani pengine anajua kwa mbali tu. Kati ya mwaka 1970 na 1984, kwa hesabu za serikali ambazo mtaalamu wetu Simeon Mesaki amezichambua katika maandishi yake juu ya Usukuma, watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania kwa tuhuma za uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji yalikuwa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Alama iliyotajwa mara kwa mara ni macho mekundu. Nchi ya Wasukuma ni nchi ya ng'ombe, miti imekwisha katika sehemu nyingi, na mwanamke anayepikia samadi ndani ya nyumba isiyo na dirisha kwa miaka hamsini atakuwa na macho mekundu kama atakavyokuwa nayo mtu yeyote. Moshi unayala macho, kisha macho yanamla mwenyewe. Tangu mwaka 1928 imekuwapo sheria ya uchawi, iliyowekwa na Waingereza na kurithiwa na sisi, inayomwadhibu anayejidai ana uchawi na pia anayemtaja mwenziwe kuwa mchawi. Mauaji hayakuzuilika. Kuanzia mwaka 2007 dunia nzima ikasikia jinsi watu wenye ualbino wanavyowindwa katika mikoa hiyo hiyo ya Ziwa, na Januari 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli. Nyuma ya mengi ya mauaji hayo alikuwapo mtu fulani aliyemwonyesha mwenziwe kitu kwenye kibuyu, kwenye kioo, kwenye maji, akamwambia: tazama, huyu ndiye. Kiini macho kisichoelezwa.

Sisemi kwamba kila mganga ni tapeli. Wapo wanaojua mizizi na wanaotibu. Nasema kwamba mwenye kuonyesha jambo la ajabu na kukataa kulieleza amejitwalia mamlaka, na historia ya nchi hizi imewajua watu wa aina hiyo wa kila rangi. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti aliyekatiza nchi ya Wamasai na kufika ufukwe wa kaskazini-mashariki wa Ziwa hili Desemba 1883, amesimulia mwenyewe, bila haya, jinsi alivyojifanya mganga mkuu wa wazungu: akitoa kinywani meno yake mawili ya bandia na kuyarudisha, akitia chumvi ya dawa ya tumbo katika maji ili yatoe povu. Mwaka 1856 Ufaransa ilimpeleka Algeria Robert-Houdin, mchezaji wake mashuhuri, kusudi awashinde masharifu wa huko kwa miujiza mikubwa kuliko yao. Ni huyo huyo Robert-Houdin ambaye, kama anavyosimulia katika kumbukumbu zake za mwaka 1858, aliingia katika sanaa hii kwa kosa la muuza vitabu: kijana fundi saa aliagiza kitabu cha ufundi wa saa, akafungiwa kitabu cha michezo na viini macho, akakesha nacho. Mtu aliyefunguliwa mlango na kitabu kinachoeleza kila kitu akaja kutumika kuwafungia wengine. Kisa hicho hunisikitisha kila ninapokikumbuka.

Sasa nirudi kwa kijana na njia zake tatu, maana alikuwa akingoja.

Ama bwana wa kituo cha mabasi, huyo nilimjua bila kumwona. Zamani, katika kituo cha mji mwingine ambao sitautaja, nililiwa nauli yangu yote na karata tatu. Nilikuwa kijana niliyejiona ana akili. Niliiona karata nyekundu ikiwekwa kushoto, niliiona kwa macho haya mawili, nikaweka pesa. Baadaye sana nilijua kwamba mkono uliokuwa na karata mbili uliiachia ya juu wakati jicho langu likiamini ni ya chini, na kwamba yule abiria aliyekuwa akishinda mbele yangu alikuwa mwenzao. Mchezo huo umeelezwa kwa ukamilifu katika The Expert at the Card Table, kitabu kilichochapwa Chicago mwaka 1902 na mtu aliyejiita S. W. Erdnase, ambaye jina lake la kweli bado linabishaniwa. Ni kitabu cha ajabu: nusu ya kwanza na zaidi ni ya udanganyifu wa meza ya kamari, iliyobaki ni ya kiini macho. Dai Vernon, Mkanada aliyezaliwa mwaka 1894 na kuheshimiwa na wacheza karata kama sisi tunavyomheshimu Muyaka, alikisoma tangu utotoni mpaka akakihifadhi. Lakini kumpa mwanagenzi kitabu cha Erdnase ni kumpa mtoto wa chuoni tafsiri ya Baydhawi kabla ya alifu na bee. Na kumpa mchezeshaji wa karata tatu awe mwalimu wake ni kibaya zaidi. Huyo anaijua kazi, pengine kuliko waandishi wote. Ila hawezi kufundisha bila kukutia kundini, kwani elimu yake haina thamani mahali ambapo kila mtu anaijua.

Video nazo sizidharau. Mkono unaokwenda ni mwalimu ambaye mchoro hauwezi kuwa. Tatizo lake ni kwamba zinamwonyesha mwanafunzi mwisho wa safari. Anaiga kidole asichojua sababu yake, na anaiga hata maneno ya yule mtu, mzaha kwa mzaha, mpaka kijana wa Igoma anazungumza kama mtu wa Las Vegas. Kitabu kinakulazimisha utafute sauti yako, kwa kuwa hakina sauti. René Lavand wa Argentina alipoteza mkono wake wa kulia katika ajali akiwa na umri wa miaka tisa. Akapenda karata. Vitabu vyote vilikuwa vimeandikwa kwa watu wenye mikono miwili. Basi ikambidi kila ukurasa aufasiri kwa mkono mmoja, na alipofariki mwaka 2015 hapakuwa na mtu duniani aliyecheza kama yeye. Namhesabu Lavand kuwa mfasiri mwenzangu.

Nikamwambia kijana ashike kitabu, asome pole pole, na video zimsaidie pale mchoro unaposhindwa. Lakini nilimweleza sababu kwa mfano wa kazi yangu mwenyewe, na wasomaji wa jarida hili wataielewa kuliko alivyoielewa yeye.

Tulio wengi miongoni mwa watunzi wa bara na visiwani tusiozaliwa katika nyumba za malenga tulijifunza vipi vina na mizani? Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Mtu wa ufukwe wa Ziwa Tanganyika, si wa Lamu wala Mvita, ndiye aliyeikalia chini sanaa ya pwani na kuandika: hesabu hivi, katiza hapa, kina kisibadilike pale. Wapo walionung'unika, na wapo waliokuja baadaye na kudai kwamba aliifunga sanaa kwa kamba za sheria. Sitaufungua mjadala huo. Nasema tu kwamba kabla ya kitabu kile mwanagenzi alihitaji mlango wa mtu. Baada yake alihitaji shilingi chache na subira. Wala shairi halikupoteza utamu kwa kuwa msikilizaji anaweza kuhesabu mizani yake kwa vidole.

Na Ziwa lenyewe limetoa mfano mkubwa zaidi. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe, riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Ndani yake namna ya kufanya kila kitu imeelezwa kwa utulivu wa fundi anayeogopa ufundi wake usizikwe naye: namna ya kutafuta dawa, ya kulima, ya kuwapokea wakwe. Hakupata mchapaji. Akiwa mzee akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapwa mwaka 1980. Alifariki mwaka 1981.

Hata hao tunaowadhani kuwa wafalme wa siri waliweka masomo yao kwa namna fulani. Bayeye, chama cha Wasukuma cha wacheza nyoka, walikuwa na michoro katika kuta za nyumba zao za chama, na wanachama wapya walifundishwa mbele yake. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyeitumikia serikali ya kikoloni, alichapisha michoro hiyo mwaka 1953. Nimeitazama mara nyingi. Ni kitabu cha kiada kilichopakwa ukutani, ila mlango wake una mlinzi.

Kijana alisikiliza, akachukua karatasi nilizomfasiria, akaenda. Tulikubaliana aanze na mchezo mmoja tu, ule mkongwe kuliko yote, na nitaueleza hapa kwa makusudi. Itazame kwa siri karata ya chini kabisa ya jozi. Tuseme ni saba ya kopa. Mwambie mtu achague karata, aitazame, aiweke juu ya jozi. Kata jozi mara moja na weka sehemu ya chini juu ya ile nyingine. Saba yako ya kopa sasa imelala juu ya karata yake. Anza kufunua kutoka juu, moja moja, ukiongea lolote. Itakapotokea saba ya kopa, inayofuata ndiyo yake. Kuna mengi ya kuongeza, lakini nguzo ni hiyo.

Miezi kadhaa baadaye alinipigia simu, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyefurahi. Alikuwa amekwenda kijijini kwao, wilaya ya Magu, kwa ajili ya harusi. Akacheza mbele ya watu, akaipata karata mara tatu mfululizo, watu wakapiga makofi. Usiku wazee wawili wakaja nyumbani. Hawakumwuliza yeye kitu. Walimwuliza bibi yake, mama mzaa baba, mjane wa miaka sabini na kitu ambaye maisha yake yote amepika kwa samadi: "Umempa lini huyu mtoto?"

Nilimwuliza, "Bibi akajibu nini?" Akasema bibi hakujibu, aliinamisha uso.

Nilimwambia asilale. Au nilitaka kumwambia, kwani kabla sijamaliza alinieleza kwamba alikwisha kufanya. Alfajiri alikwenda kwa wazee wale wawili, akawaamkia, akawaomba waje na yeyote wanayemtaka. Wakaja watu wengi kuliko harusini. Akaketi juu ya gunia katikati ya ua, akacheza mchezo ule ule mara nyingine, safari hii akiigeuza jozi juu chini ili kila mtu aione saba ya kopa. Akarudia pole pole. Akampa mzee mmoja jozi, mzee akakosea, akarudia, akapata. Watoto wakajipanga. Kijana anasema wapo watu wawili watatu waliochukia, kama watu waliodhulumiwa kitu, na mmoja akasema kwa sauti kwamba karata ni za kweli lakini ya jana usiku hayakuwa haya. Mpaka leo hajui kama mtu huyo ameridhika. Na kijijini kwao hawezi tena kuucheza mchezo ule, maana watoto hupiga kelele, "Tazama ya chini! Tazama ya chini!" Ilibidi anitumie picha za sura ya pili nimfasirie.

Mwisho alimpa jozi bibi yake. Mikono yake ilikuwa migumu kwa jembe na karata zilimponyoka mara mbili. Alichanga, akamwambia mmoja wa wale wazee achague, akakata, akaanza kufunua moja moja mbele ya watu wote, karata baada ya karata, mpaka jozi ikamwishia mkononi. Alikuwa amesahau kutazama ya chini. Watu walicheka mpaka kuku wakatawanyika, na yeye akacheka nao, akijifuta macho kwa ncha ya kanga, kisha akazikusanya karata zote hamsini na mbili aanze upya.